Pumu ya mtoto nyumbani: maswali ambayo wazazi wa Goma huuliza

Ukurasa huu ni wa mama, baba, bibi, dada mkubwa, yaani yeyote anayelala karibu na mtoto mwenye pumu, au asima kama wengi tunavyoiita hapa mjini. Ikiwa daktari amekuandikia mpango wa mtoto wako, fuata huo kwanza. Haya yatakusaidia kuuelewa. Jambo moja utalikuta mara nyingi humu: pumu hutibiwa siku ambazo mtoto yuko mzima. Anayengoja mpaka kifua kibane huwa amechelewa.

Mtoto wangu anakohoa kila usiku. Nitajuaje kama ni pumu?

Kikohozi cha pumu kina mwenendo wake. Kinazidi usiku, hasa kuelekea alfajiri. Kinakuja mtoto akikimbia, akicheka sana, akilia, akiingia kwenye moshi, au akipata mafua. Kisha kinatulia, unafikiri kimekwisha, na wiki chache baadaye kinarudi. Mara nyingi kifua kinapiga filimbi anapotoa pumzi. Mtoto mwenye mafua ya kawaida hupona. Huyu kila mafua yake "yanashuka kifuani". Ukiongeza kwamba mzazi au ndugu ana pumu, au mtoto mwenyewe ana ukurutu wa ngozi, shaka inapungua.

Hakuna kipimo cha damu kitakachokupa jibu la ndiyo au hapana. Daktari husikiliza historia, husikiliza kifua, na huangalia kama dawa ya kufungua njia za hewa inamsaidia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ni vigumu zaidi, kwa kuwa wengi hupiga filimbi wakati wa mafua tu na baadaye huacha. Kwa hiyo fanya hivi: usiku anapobanwa, inua fulana yake, washa taa na umchukue video fupi kwa simu, kifua kionekane na sauti isikike. Asubuhi mtoto atakuwa anacheza, na bila video hiyo daktari ataona mtoto mzima.

Lakini kikohozi kilichopita wiki mbili, chenye homa, kupungua uzito au jasho la usiku, kinahitaji kuchunguzwa kifua kikuu. Na mtoto mwenye homa anayepumua haraka anaweza kuwa na nimonia. Mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Inaambukiza?

Hapana. Alale na ndugu zake, ale nao sahani moja. Ukiona watoto wawili wa nyumba moja wana pumu, ni urithi wa familia na hewa ileile wanayovuta.

Si baridi ya ziwa ndiyo inayomletea?

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku upepo wa Kivu unauma kweli. Hewa baridi inaweza kumchokoza mtoto ambaye tayari ana pumu, ila haimpi ugonjwa. Mashambulizi mengi ya watoto huanzishwa na virusi vya mafua. Kumvika sweta tatu hakudhuru, lakini hakutibu.

Kinachodhuru ni kumwingizia jiko la makala (makaa) chumbani ili apate joto. Makala mekundu yasiyotoa moshi bado yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua familia nzima usingizini. Mwongezee blanketi. Jiko libaki nje.

Tunapika kwa makala, na nyumba ni ya mbao, vyumba viwili. Tufanye nini na moshi?

Hili ndilo swali tunalopaswa kulijibu kwa makini kuliko yote, kwa sababu moshi wa jikoni ndio mchokozi ambao familia inaweza kuupunguza kwa mikono yake yenyewe. Najua kwamba si kila mtu ana nafasi ya kujenga jiko la nje, na najua mvua ya Goma haingoji chakula kiive. Basi tuanze na yanayowezekana leo.

Moshi mbaya zaidi ni wa dakika za mwanzo. Wengi tunawashia makala kwa kipande cha sacheti au plastiki nyingine, na moshi ule mweusi ni sumu kwa kifua chochote. Washia karatasi kavu au vibanzi vya mti, nje, upande ambao upepo hauingizi moshi ndani. Ngoja mpaka makala yashike yote na kuanza kufunikwa na jivu jeupe. Ndipo uliingize jiko jikoni kama ni lazima, mlango na dirisha la upande wa pili vikiwa wazi ili hewa ipite. Mianya ya mbao haitoshi, usiitegemee.

Maharagi yaloweke tangu usiku uliotangulia. Yakiloweka vizuri yanaiva haraka, na kila saa unayoipunguza jikoni ni saa ambayo mtoto hakuvuta moshi. Mtoto mdogo asiwe mgongoni kwako unapopika. Na ikiwa mwenye pumu ni binti yenu wa miaka kumi ambaye ndiye anayewasha jiko kila jioni, kazi hiyo apewe mwingine, yeye achote maji au aoshe vyombo. Nyumba iliyo na umeme wa kutosha au gesi ianze hata na chai na uji wa asubuhi tu.

Halafu kuna moshi tunaousahau: sigara (kuvuta mlangoni bado ni kuvuta ndani), dawa ya mbu ya kuchoma, ubani, takataka zinazochomwa uani, samaki wanaokaushwa kwa moshi. Kwa mbu, chandarua kinatosha na hakimkohoshi mtu.

Na vumbi?

Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi jeusi la mawe ya volkano linainuka kila pikipiki inapopita, na huwezi kulizuia barabarani. Ndani unaweza. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, au pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, mtoto akiwa nje. Godoro la sponji litolewe juani, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, maana ndani ya godoro huishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao kinyesi chao huchokoza pumu. Mende nao vilevile: funika chakula, toa takataka kabla ya kulala. Rangi mpya na manukato makali vikae mbali na chumba anacholala.

Siku ambazo moshi wa Nyiragongo unashuka mjini, anazidiwa. Ni mawazo yetu?

Si mawazo. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi ya salfa dioksidi, ile inayowasha koo na macho. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa na gesi hiyo kwa dakika chache, kwa kiasi ambacho jirani yake mzima hakihisi kabisa.

Siku hizo mtoto abaki ndani, madirisha yafungwe, asikimbie, asiende mpira. Barakoa ya kitambaa huzuia sehemu ya majivu na vumbi, haizuii gesi, kwa hiyo usimtume nje ukidhani amekingwa. Pampu ya kutuliza, ile inayofungua kifua haraka, iwe karibu. Dawa ya kila siku asiikose hata mara moja. Majivu yakianguka, kama yalivyoanguka baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, yalowanishwe kidogo kabla ya kufagiwa, na anayefagia awe mtu mzima. Fuatilia matangazo ya kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kuliko sauti zinazosambazwa kwenye simu.

Je, mazuku ndiyo yanayoleta pumu?

Hapana, ni hatari nyingine kabisa. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo na mabonde, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa chini, na huua kwa kukosesha hewa. Mtoto yeyote, mwenye pumu au asiye nayo, asicheze humo. Mtu akianguka mle, usiingie kichwa kichwa kumfuata. Wengi wamekufa wakiokoa.

Tulipewa pampu mbili. Kwa nini, na ipi ni ipi?

Ukielewa hili, umeelewa nusu ya ugonjwa. Ndani ya kifua chenye pumu kuna mambo mawili. La kwanza, kuta za njia za hewa zimevimba na zina makohozi, hata siku ambayo mtoto anacheza vizuri. La pili, misuli inayozunguka njia hizo hujikaza ghafla anapochokozwa. Kila pampu ina kazi yake.

Pampu ya kutuliza ina salbutamol, na mara nyingi ni ya bluu. Inalegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa chache. Uvimbe haiugusi.

Pampu ya kuzuia ina beklometasoni, budesonidi au dawa ya jamii hiyo, na mara nyingi ni ya kahawia au rangi nyingine. Inapunguza uvimbe polepole. Hutumiwa kila siku, asubuhi na jioni kama ulivyoandikiwa, hata mtoto akiwa mzima. Wiki ya kwanza unaweza usione kitu. Nafuu kamili huchukua wiki kadhaa. Wengi huiacha hapo hapo, wakisema haifanyi kazi, au huiacha baada ya mwezi wakisema amepona. Kisha mafua yanakuja.

Usitegemee rangi peke yake, soma jina la dawa kwenye chupa. Na ukiona mtoto anahitaji ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamshwa na kikohozi usiku, pumu yake haijadhibitiwa. Rudi kwa daktari kabla ya shambulio. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, unasema kwamba kuanzia miaka 12 mgonjwa asitibiwe kwa salbutamol peke yake. Kwa wadogo, muulize daktari waziwazi: "Dawa ya kuzuia iko wapi?" Ni haki yako kuuliza.

Watu wanasema akianza pampu hataiacha, na itamharibu moyo.

Maneno haya yameua watoto. Pampu haina uraibu. Mtoto anairudia kwa sababu ugonjwa bado upo. Salbutamol inaweza kumtetemesha mikono na kumwongezea mapigo ya moyo kwa muda mfupi, kisha hupita.

Dawa ya kuzuia ni ya jamii ya steroidi, lakini kipimo chake ni kidogo sana kwa kuwa inakwenda moja kwa moja kifuani. Inaweza kumpunguzia urefu karibu sentimita moja, hasa mwaka wa kwanza. Pumu isiyotibiwa nayo hudumaza mtoto, tena humnyima usingizi na masomo. Baada ya kuivuta asukutue maji na kuyatema, asije akapata utando mweupe mdomoni. Mdogo asiyejua kusukutua, mpe maji anywe na umpanguse uso.

Chemba ya plastiki ya kuvutia dawa haipatikani, au ni ghali. Ni lazima?

Kwa mtoto, ndiyo. Ukimpulizia pampu moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa inagonga koo na kubaki hapo. Chemba hushikilia wingu la dawa ili alivute kwa pumzi zake mwenyewe bila kulazimika kwenda sambamba na kidole chako.

Usipoipata, chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kufanya kazi hiyo. Si ubunifu wa mtaani tu: Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye shambulio la pumu, wakachapisha matokeo 1999, na chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chemba ya kiwandani. Kikombe cha plastiki nyepesi kilikuwa cha mwisho. Kwa hiyo usitumie kikombe.

Chukua chupa ngumu kidogo, ioshe, ikauke. Pinda waya uwe na umbo lile lile la mdomo wa pampu. Pima kwa kuuzungusha juu yake. Uchome waya mpaka uwe mwekundu, ukiushika kwa koleo, kisha ubonyeze katikati ya kitako cha chupa. Tundu litatoka kwa umbo hilo. Sukuma mdomo wa pampu ndani plastiki ikiwa bado laini ili ibane. Penye nafasi ziba kwa gundi kuzunguka tundu, uache ikauke siku nzima na harufu iishe. Fanya kazi hii nje, mtoto akiwa mbali. Mtoto atavutia upande wa shingo ya chupa, ambapo kifuniko kilikuwa.

Kabla ya kuitumia mara ya kwanza, ioshe kwa maji ya sabuni ya vyombo na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana kuifuta huamsha umeme tuli unaovutia dawa kwenye kuta. Unaweza pia kupuliza ndani mara kadhaa ili kuta zishibe.

Mtoto mchanga, au yule asiyeweza kufunga midomo vizuri, anahitaji chemba yenye barakoa inayobana uso. Kwa huyo usibahatishe na chupa. Omba barakoa hospitalini.

Jinsi ya kupuliza ni ipi hasa?

Mkalishe wima. Ondoa kifuniko na uangalie ndani ya mdomo wa pampu, kwani uchafu na vidudu huingia. Tikisa. Ikiwa ni mpya au imekaa siku nyingi, puliza hewani mara mbili tatu kwanza. Iingize kwenye chemba, mtoto afunge midomo, bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi za kawaida tano au sita. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, rudia. Kubonyeza mara mbili tatu kwa mkupuo mmoja ni kupoteza dawa. Mtoto mdogo akipiga kelele na kulia, dawa kidogo ndiyo inayofika. Mpe chemba aichezee siku za kawaida, amwekee mwanasesere, amwekee kaka yake, ili siku ya shida asiiogope.

Kifua kimebana saa nane ya usiku. Nifanye nini?

Kwanza mkalishe, usimlaze. Legeza nguo, fungua hewa, zima kila kinachotoa moshi, na wewe sema naye kwa sauti ya chini; hofu yako anaiona.

Mpe salbutamol kwa chemba. Kwa mtoto wa miaka 5 au chini, mipulizo 2, mmoja mmoja. Mkubwa zaidi mara nyingi huanza na 4. Ngoja dakika 20. Ikiwa bado amebanwa rudia, na tena baada ya dakika nyingine 20. Mdogo akihitaji zaidi ya mipulizo 6 katika saa mbili za mwanzo, au nafuu ikimdumu chini ya saa tatu, usiendelee kubahatisha nyumbani. Nenda.

Akitulia, usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi aonwe na daktari hata kama anacheza. Shambulio moja hufuatwa na jingine kwa urahisi siku zinazofuata.

Ni wakati gani nisingoje hata dakika 20?

Mwinulie nguo na umwangalie. Nyama iliyo katikati ya mbavu na chini yake inazama ndani kila anapovuta hewa. Shimo la chini ya koo linazama. Pua zinapanuka. Anashindwa kumaliza sentensi, au kunyonya, au kunywa. Midomo au ulimi umebadilika, umekuwa wa bluu au kijivu. Anasinzia, anachanganyikiwa, amelegea. Na hii inawadanganya wengi: filimbi imenyamaza ghafla, lakini mtoto hajapata nafuu. Kifua kimya namna hiyo maana yake hewa karibu haipiti.

Ukiona hata moja kati ya hizi, ondoka, na uendelee kumpulizia njiani, mpulizo mmoja mmoja, hadi 10 kama bado amebanwa. Katika shambulio kali kukosa hewa ni hatari kuliko salbutamol nyingi. Nenda penye oksijeni, usipitie farmasi. Jua leo, mchana, hospitali gani yenye oksijeni iko karibu nawe usiku, iwe Hospitali ya Mkoa, HEAL Africa, Kyeshero au nyingine, na uwe na namba ya mwenye pikipiki au jirani mwenye gari atakayekubali kuamshwa. Kwenye pikipiki mtoto akae wima katikati yenu, asilazwe begani.

Hospitalini walimweka aerosoli akapona haraka. Tununue mashine?

Kwa wengi, hapana. Katika shambulio lisilo kali sana, pampu na chemba hufanya kazi vizuri kama mashine ya mvuke, na haraka zaidi. Mashine inataka umeme, na umeme hukatika usiku uleule. Isiposafishwa vizuri hupuliza vijidudu kifuani. Pesa hiyo ikununulie pampu ya kuzuia ya miezi ijayo.

Farmasi walimchoma sindano, sasa kila akibanwa tunarudi pale.

Sindano ya deksametasoni au vidonge vya prednisoloni vina nafasi yao: daktari akiona shambulio kali huandika prednisoloni kwa siku 3 hadi 5, na zinasaidia kweli. Ubaya ni kuzirudia kila mwezi bila mpango. Mtoto ananenepa uso, anapunguza kukua, kinga ya mwili inashuka, na pumu yake inabaki palepale kwa kuwa hakuna anayemtibu siku za kawaida. Aminofilini ya sindano inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege, isidungwe dukani. Antibiotiki haitibu pumu. Sirapu na vidonge vya salbutamol huchelewa kufanya kazi na hutetemesha zaidi kuliko pampu.

Bibi anataka akatwe kirimi. Wengine wanasema asali, majani, maombi.

Kirimi asikatwe. Kile kinyama cha kooni hakihusiki na pumu hata kidogo. Pumu iko chini, kwenye njia ndogo za mapafu. Kukata huleta damu nyingi, maambukizi, hata kifo. Mzungumzie bibi kwa heshima, mweleze, mwonyeshe mtoto anavyofunguka baada ya pampu. Mabibi wengi hukubali wakiona kwa macho.

Asali kijiko kimoja hutuliza koo la mtoto aliyepita mwaka mmoja; chini ya mwaka ni marufuku. Majani yanayochomwa ili avute moshi, hapana. Mafuta ya kupaka yenye harufu kali na kujifukiza huchokoza baadhi ya watoto. Maombi hayapingani na pampu: omba, na umpulizie.

Asicheze mpira? Shuleni tuseme nini?

Acheze. Mtoto ambaye hawezi kukimbia kabisa ni mtoto ambaye pumu yake haijadhibitiwa, na dawa yake iangaliwe upya. Wengine huandikiwa mipulizo 2 ya kutuliza kama robo saa kabla ya mchezo.

Nenda umwone mwalimu wewe mwenyewe, na karatasi mkononi: jina la dawa, mipulizo mingapi, namba yako. Pampu na chemba vibaki mahali ambapo mwalimu anaweza kuvifikia, si kwenye ofisi iliyofungwa kwa ufunguo. Omba mtoto asipewe zamu ya kufagia darasa wala kufuta ubao wa chaki. Mwalimu aliyeelezwa vizuri huwa mlinzi mzuri.

Kuna chakula cha kumkataza?

Kwa watoto walio wengi, hapana. Maziwa hayaleti makohozi ya pumu, ndizi haiko "baridi", samaki wadogo wa sambaza hawana kosa. Kumnyima mtoto maziwa na samaki ni kumdhoofisha bure. Ikiwa chakula fulani kila mara kinamletea vipele, kuvimba midomo au kubanwa papo hapo, hicho kiache na umweleze daktari. Maziwa ya mama ni mema kwa mdogo anayefuata.

Nitajuaje kama pampu imekwisha?

Usiitie majini kuona kama inaelea, na usiamini sauti. Gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha. Chupa nyingi zina mipulizo 200, soma ya kwako. Anayetumia mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni ataimaliza kwa siku 50. Bandika utepe kwenye pampu ya kuzuia na uandike tarehe ya kununua nyingine, wiki moja kabla. Ile ya kutuliza hesabu kwa alama. Isiachwe juani wala karibu na jiko, na ikiisha isitupwe motoni, italipuka.

Pesa inatosha pampu moja tu mwezi huu.

Ya kutuliza isikosekane nyumbani kamwe. Lakini kama mtoto anabanwa mara kwa mara na ya kutuliza bado ina dawa ya kutosha, nunua ya kuzuia. Safari moja ya usiku hospitalini, na kitanda na oksijeni, itakula pesa ya miezi mingi ya pampu hiyo. Mwambie daktari ukweli kuhusu uwezo wako. Yapo majina ya bei nafuu yenye dawa ileile.

Atapona?

Wengi hupungukiwa wanapokua, na baadhi huachana nayo kabisa wakifika ujana. Wengine inarudi ukubwani. Hakuna dawa inayoing'oa, na anayekuuzia hiyo anakudanganya. Mtoto anayetumia dawa yake vizuri analala usiku, anasoma, anacheza. Daktari ndiye atakayepunguza kipimo, kwa kawaida baada ya miezi mitatu ya utulivu, hatua kwa hatua.

Na tukilazimika kukimbia ghafla?

Tarehe 27 Mei 2021 mitaa 10 ya Goma iliamriwa kuhama asubuhi moja, watu wakaelekea Sake, Minova, Gisenyi na Bukavu. Tangu hapo tumehama tena kwa sababu nyingine. Familia ya mtoto mwenye pumu iwe na mfuko mdogo unaoning'inia karibu na mlango: pampu zote mbili, chemba au chupa, karatasi ya daktari iliyofungwa kwenye nailoni, chupa ya maji na sweta. Piga picha karatasi hiyo uitume kwa ndugu aliye mji mwingine. Mkiwa kambini au kwa wenyeji, tafuteni mahali pa kulala mbali na majiko, na mwulizeni mhudumu wa afya wa kwanza mtakayemkuta wapi salbutamol inapatikana, siku hiyohiyo mnayofika, mtoto akiwa bado anapumua vizuri.